KUTOKA CHUPA YA LABO MPAKA KIWANDA
(Somo la Shimi: ginsi dawa ya malaria inavyotengenezwa)



Darasani tunaandika reaksio ubaoni kwa mstari mmoja tu. Upande wa kushoto vitu tunavyotia, katikati mshale, upande wa kuume kitu kinachotoka. Tukikwisha kusawazisha atomu, tunaona kazi imekwisha. Lakini kwa watu wenye kutengeneza dawa, pale kazi haijaanza bado. Ule mshale mdogo umeficha mambo mengi: moto kiasi gani, wakati kiasi gani, nini itapotea njiani, takataka itatupwa wapi, na garama ya yote ni ngapi.

Somo hili ni juu ya ule mshale. Tutaangalia dawa mbili ambazo kila nyumba ya kwetu inazijua: kinini, na artemisinini, ile inayozaa artesunati na artemeteri ya vidonge vya malaria. Tutajiuliza ulizo moja: kama wataalamu wanaweza kujenga molekuli ndani ya chupa, juu ya nini ile haitoshi kusudi mgonjwa apate dawa?

1. NJIA TATU ZA KUPATA MOLEKULI

Sintezi ni kujenga molekuli kubwa kwa kuunganisha molekuli ndogo, sawa fundi anavyojenga nyumba kwa matofali. Lakini si kila dawa inajengwa namna hii. Ziko njia tatu.

(a) Kutoa ndani ya mti. Molekuli imekwisha kujengwa na mti wenyewe. Sisi tunaitenga tu na vitu vingine. Namna hii ndiyo kinini inapatikana. Maganda ya mti wa kinkina yanasagwa, yanachanganywa na chokaa, yanaoshwa na kimiminika chenye kuyeyusha kinini. Kisha asidi inaivuta kinini ndani ya maji, na mwishoni inaganda kama chumvi nyeupe. Kwetu Kivu mti wa kinkina ulipandwa tangu wakati wa Wabelgiji, na kiwanda cha Pharmakina cha Bukavu kimefanya kazi hii kwa miaka mingi.

(b) Sintezi nzima. Tunaanza na vitu vidogo vya kawaida, kwa mfano vile vinavyotoka katika petroli, na tunajenga yote sisi wenyewe.

(c) Nusu-sintezi. Mti, ao kiumbe kingine, kinajenga sehemu ngumu, sisi tunamaliza. Artesunati na artemeteri zote mbili ni za namna hii.

Msidharau njia ya kwanza kwa sababu ni ya zamani. Mtaona mbele ginsi gani maganda ya mti yalishinda wakubwa wa shimi.

2. HESABU YA ATOMU HAITOSHI

Mwaka wa 1820, katika Paris, Pelletier na Caventou walitoa kinini safi ndani ya maganda ya kinkina, mti wenye asili katika milima ya Andes ya Amerika ya Kusini. Nyuma ya pale watu walipima na kupata hesabu ya atomu zake: C20H24N2O2.

Mwaka wa 1856, katika London, kijana mmoja jina lake William Perkin, mwenye miaka 18, akawaza hivi: nikichukua molekuli mbili za C10H13N na kuongeza oksijeni, nitapata kinini na maji.

2 C10H13N + 3 O → C20H24N2O2 + H2O

Pigeni hesabu ninyi wenyewe. Kaboni 20 kila upande, hidrojeni 26 kila upande, azoti 2, oksijeni 3. Hakuna mwalimu anayeweza kutia alama nyekundu pale. Lakini Perkin alipofanya kazi yenyewe, hakupata kinini hata kidogo. Alipata unga mchafu. Akajaribu tena kwa anilini, akapata kitu cheusi, na ndani ya kile cheusi akatoa rangi nzuri ya zambarau. Rangi ile ilimtajirisha, na viwanda vya rangi vikaanza. Lakini wenye homa hawakupata kitu.

Kosa lilikuwa wapi? Hesabu ya atomu inasema matofali ni mangapi. Haisemi tofali gani liko juu ya gani. Kwa matofali yale yale unaweza kujenga nyumba ya kulala ao choo. Wakati wa Perkin hakuna mtu aliyejua ramani ya kinini.

Tena iko shida ya pili. Angalieni mikono yenu miwili. Vidole ni sawa, lakini mkono wa kuume hauingii ndani ya gan ya kushoto. Kaboni yenye kushika vitu vinne mbalimbali iko vilevile: inaweza kuwa ya kuume ao ya kushoto. Katika kinini ziko kaboni nne za namna hii. Basi 2 × 2 × 2 × 2 = maumbo 16. Sintezi isiyochagua inaweza kukupa mchanganyiko, na wewe unatafuta umbo moja tu. Ndugu mmoja wa kinini, jina lake kinidini, ana atomu zile zile na ameshikana vilevile, lakini pahali pengine mkono ni mwingine. Yeye amejulikana zaidi kama dawa ya moyo.

3. UBAYA WA NJIA NDEFU

Mwaka wa 1942, wakati wa vita, Wajapani walikamata Java, kisiwa ambacho kilikuwa kinatoa sehemu kubwa sana ya kinini ya dunia. Majeshi ya Marekani na Uingereza yalikuwa yanapigana katika inchi za malaria, na kinini ikapunguka. Kwa hiyo ulimwengu ulifurahi sana mwaka wa 1944, Robert Woodward, mwenye miaka 27, pamoja na William Doering, walipotangaza kwamba wamepata njia ya sintezi ya kinini. Wao walifika mpaka molekuli moja inayoitwa kinotoksini. Kipande cha mwisho cha njia kilikuwa kimeelezwa tangu 1918 na Wadachi wawili, Rabe na Kindler.

Kazi ile ilikuwa kubwa, na inafundishwa mpaka leo. Lakini haikujaza hata sanduku moja la dawa. Juu ya nini? Tupige hesabu.

Kila hatua ya sintezi ina mavuno yake, ile mwalimu anaita randema. Kama mavuno ya hatua ni 80 kwa mia, ni kusema katika molekuli 100 zinazoingia, 80 zinatoka vizuri na 20 zinapotea. Mavuno ya 80 mwanafunzi anaweza kujisifia. Lakini hatua zikifuatana, mavuno hayajumlishwi, yanazidishwa:

hatua 1: 0,80, ni kusema 80 kwa mia
hatua 2: 0,80 × 0,80 = 0,64, ni kusema 64 kwa mia
hatua 5: karibu 33 kwa mia
hatua 10: karibu 11 kwa mia
hatua 20: karibu 1 kwa mia

Unaona? Nyuma ya hatua 20, karibu yote imemwagika njiani, hata kama hakuna hatua moja iliyofanywa vibaya. Ni sawa kubeba maji toka mtoni ndani ya bidoni yenye tundu: tundu ni dogo, lakini njia ni ndefu.

Kwa hiyo wenye shimi walitafuta akili mbili. Ya kwanza ni kupunguza hatua. Ya pili ni kujenga kwa vipande. Badala ya kufuatanisha hatua 11 kwa mstari mmoja, unajenga kipande cha kushoto kwa hatua 5, kipande cha kuume kwa hatua 5, kisha unaviunganisha kwa hatua moja. Hatua zote ni 11 vilevile. Lakini kila kipande kimepita hatua 6 tu, na mavuno yanabaki karibu 26 kwa mia, hayafiki 9 ya ule mstari mmoja. Kazi ni ile ile. Mpango peke yake ndio umeokoa mali.

Na habari ya kinini iliishia wapi? Mwaka wa 2001 Gilbert Stork alionyesha sintezi ya kwanza yenye kuchagua maumbo yote manne. Mwaka wa 2008 Smith na Williams walirudilia ile njia ya 1918 na kuonyesha kwamba kweli inafanya kazi. Ni ushindi mkubwa wa akili. Lakini kinini ya biashara ingali inatoka ndani ya maganda. Mti unajenga umbo moja tu katika yale 16, bila kukosea, na mshahara wake ni mvua na jua.

4. CHUNGU KIKUBWA SI CHUNGU KIDOGO MARA ELFU

Tuseme umepata njia fupi na nzuri. Labo imekupa grama 5. Sasa wizara inaomba tani 5. Utachukua chungu kikubwa mara milioni? Jihazari.

Chukua sanduku la desimetri 1 kila upande. Ndani inaingia litri 1. Ngozi yake, ni kusema pande zote sita, ni desimetri za mraba 6. Sasa chukua sanduku la metri 1 kila upande. Ndani inaingia litri 1.000, lakini ngozi ni desimetri za mraba 600 tu. Kila litri ilikuwa na ngozi ya 6. Sasa ina ngozi ya 0,6. Imepunguka mara kumi.

Hii inazuru nini? Reaksio nyingi zinatoa moto, na moto unatoka kupitia ngozi. Ndani ya chupa ndogo unapoa wenyewe. Ndani ya tanki kubwa haupati nafasi ya kutoka, unapanda, reaksio inakimbia zaidi, moto unapanda tena. Tarehe 10 ya mwezi wa saba 1976, karibu na Seveso katika Italia, mchanganyiko ulioachwa ndani ya tanki mwisho wa juma ulipata moto namna hii. Tanki likapumua, na wingu lenye dioksini, sumu kali, likaanguka juu ya nyumba na mashamba. Wanyama wengi walikufa, na watu walihamishwa.

Tangu zamani dawa ya shida hii ilikuwa kutia polepole, kukoroga sana na kupitisha maji ya baridi. Miaka hii iko njia ingine inayoenea: kuacha tanki, kutumia bomba jembamba. Vitu vinaingia upande mmoja, vinapita, vinatoka upande mwingine vimekwisha kuwa dawa. Bomba jembamba lina ngozi mingi kwa kila litri, na kwa dakika yoyote ndani yake mna kitu kidogo tu, hata kikiharibika hakiui mtaa. Ukitaka dawa zaidi, hauhitaji bomba nene. Unaliacha lifanye kazi siku nyingi, ao unatia mabomba mengi.

5. ARTEMISININI: JANI, CHACHU NA MWANGAZA

Sasa tuangalie dawa ya pili. Katika China, mwaka wa 1967, serikali ilianzisha kazi ya kutafuta dawa mpya ya malaria, kwa sababu klorokini ilikuwa inashindwa. Mama Tu Youyou na wenzake walichunguza miti ya dawa ya wazee. Jani moja, Artemisia annua, lilionyesha nguvu, kisha nguvu ikapotea. Katika kitabu cha zamani sana cha mganga Ge Hong, Mama Tu alisoma kwamba jani lile lilikuwa linalowekwa ndani ya maji na kukamuliwa, si kupikwa. Akawaza: labda moto ndio unaoua dawa. Akatumia eteri, inayochemka kwa digrii 35 tu. Mwaka wa 1971 dawa ikashika vizuri, na mwaka wa 1972 molekuli safi ikapatikana. Mwaka wa 2015 alipewa zawadi ya Nobel.

Molekuli ile ni C15H22O5. Nguvu yake iko katika daraja la oksijeni mbili zilizoshikana, O–O. Daraja hili ni kama mtego: likikutana na chuma cha damu ndani ya kimelea, linavunjika na kukiharibu kimelea chenyewe. Lakini ndilo daraja linaloleta shida kwa mjenzi, maana ni zaifu. Sintezi nzima ya kwanza ilitangazwa mwaka wa 1983 na Schmid na Hofheinz. Kama ile ya kinini, ilikuwa ndefu na gali, haikufika kiwandani.

Basi dunia ilitegemea jani. Na jani linatoa kidogo: kwa kawaida kilo 100 za majani makavu zina kilo moja ya artemisinini ao hata nusu yake. Mwaka wa 2001 Shirika la Afya la Dunia (OMS) lilishauri inchi ambamo dawa za zamani zinashindwa zitumie dawa za kuchanganya zenye artemisinini. Watu wengi walitafuta dawa kwa mara moja, lakini shamba halijibu kwa mara moja. Toka kupanda mpaka kidonge ni zaidi ya mwaka. Mwaka wa 2005 bei ya kilo ilipita dola 1.000, mwaka wa 2007 ilianguka chini ya dola 200, kwa sababu wakulima wa China, Vietnam na Afrika ya Mashariki walikuwa wamepanda kupita kiasi. Bei ikipanda, mgonjwa analia. Bei ikianguka, mkulima analia na kungoa mimea yake, na mwaka unaofuata dawa inapunguka tena.

Hapo Jay Keasling na wenzake wa California walipata wazo: kufundisha chachu, kitu kile kile cha kuumusha mkate, ijenge sehemu ngumu ya molekuli. Walichukua jeni za Artemisia na kuzitia ndani ya chachu. Chachu ikala sukari na kutoa asidi ya artemisiniki, C15H22O2, iliyo karibu sana na dawa. Mwaka wa 2006 litri moja ilitoa karibu grama 0,1. Mwaka wa 2013 litri moja ilitoa grama 25. Fahamuni maana yake: kwa kupata kilo moja, mbele ilihitaji litri 10.000, sasa inahitaji litri 40. Wazo lilikuwa limekwisha kuonekana kuwa kweli tangu 2006. Ile miaka saba yote ni kazi ya mshale.

Ilibaki kutia lile daraja la oksijeni. Ndani ya jani, wataalamu wengi wanafikiri, kazi hii inafanywa na oksijeni na mwangaza wa jua. Katika kiwanda cha Sanofi cha Garessio, Italia, walifanya vilevile: kwanza hidrojeni pamoja na katalizeri iliyochaguliwa kusudi itoe mkono mmoja zaidi, kisha oksijeni chini ya taa yenye nguvu. Na mwangaza una shida sawasawa na ya moto: unaingia kupitia ngozi tu. Katikati ya tanki kubwa ni usiku. Mwaka wa 2012, katika Potsdam, Udachi, Lévesque na Seeberger walikuwa wamezungusha bomba jembamba kando ya taa na kupitisha mchanganyiko na oksijeni ndani yake. Mashini yao ndogo iliweza kutoa karibu grama 200 kwa siku. Kwa siku 365 ni kilo 73, na yenyewe inaenea juu ya meza.

6. BEI NDIYO MTIHANI WA MWISHO

Kiwanda cha Garessio kilianza kazi mwaka wa 2013, na OMS ikakubali kwamba artemisinini yake ni sawa na ile ya jani. Mwezi wa nane wa 2014 dawa za kwanza zilizotoka katika njia ile zilitumwa katika inchi sita za Afrika. Kongo yetu na Burundi zilikuwamo.

Mtaniuliza: basi jani limeshindwa? Hapana. Sanofi iliweka bei ya dola 350 mpaka 400 kwa kilo, bila kutafuta faida. Lakini wakulima walikuwa wamepanda tena, na bei ya artemisinini ya jani ikashuka chini ya dola 250. Wanunuzi walichagua iliyo rahisi. Mwaka wa 2015 kiwanda hakikutoa artemisinini ya chachu, na kisha kiliuzwa.

Tuone ile tofauti ni nini kwa mgonjwa. Mtu mzima anakunywa vidonge 24 vya artemeteri na lumefantrini, kila kimoja na miligrama 20 za artemeteri: yote ni miligrama 480. Tuseme kwa urahisi kwamba kilo moja ya artemisinini inatoa kilo moja ya artemeteri. Basi kilo inaponyesha watu karibu 2.080. Kwa dola 350, ni senti 17 kwa mtu. Kwa dola 250, ni senti 12. Senti 5 tu! Kwa mtu mmoja si kitu. Kwa wagonjwa milioni 10 ni dola 500.000, na anayenunua dawa za inchi nzima hawezi kufunga macho.

Je, kazi ya chachu ilikuwa bure? Mimi nasema hapana. Maarifa yapo, yameandikwa, na siku shamba litakapokauka njia ingine iko. Lakini inatufundisha kwamba reaksio inaweza kushinda ndani ya chupa, ikashinda hata ndani ya kiwanda, na ikashindwa sokoni.

7. AKILI INGINE: KURAHISISHA MOLEKULI

Iko njia ya kupita kando ya mlima badala ya kuupanda. Mwaka wa 1934, katika Udachi, Hans Andersag alitengeneza klorokini. Haikuwa kinini, lakini ilichukua wazo la kinini: zile pete mbili zilizoshikana na azoti, na mkono wenye azoti ingine. Maumbo 16 yamekwisha, hatua ni chache, bei ni rahisi. Kwa miaka mingi klorokini iliokoa watu wasiohesabika, mpaka kimelea kilipojifunza kuishinda.

Vivyo hivyo kwa artemisinini. Jonathan Vennerstrom na wenzake walijiuliza: kama nguvu iko katika daraja la oksijeni, juu ya nini tujenge nyumba yote? Mwaka wa 2004 walitangaza molekuli mpya yenye daraja, isiyohitaji jani wala chachu. Inaitwa arterolani, na tangu 2012 imeuzwa katika India pamoja na piperakini. Njia hii ina maana kwetu, kwa sababu watafiti wameonyesha katika Rwanda na Uganda vimelea vinavyochelewa kufa mbele ya artemisinini. Tutahitaji molekuli zingine, na zitapashwa kuwa za bei ndogo tangu mwanzo.

8. NENO JUU YA CHAI YA JANI

Wengine watauliza: kama dawa iko ndani ya jani, juu ya nini tusipande Artemisia nyuma ya nyumba na kunywa chai yake? Jibu mnalo sasa. Jani moja lina nyingi, jingine kidogo. Artemisinini inayeyuka vibaya ndani ya maji. Na Mama Tu alionyesha kwamba moto unaiharibu. Anayekunywa chai hajui amekunywa miligrama ngapi. Dozi ndogo haiui vimelea vyote, na vile vinavyobaki ndivyo vinavyojifunza. Ndiyo maana OMS haikubali chai hii kama dawa ya malaria. Mtoto mwenye homa apelekwe kwenye kituo cha afya, apimwe, apewe dozi nzima na aimalize.

Basi, wanafunzi wa Biolojia-Shimi, siku mkiandika mshale ubaoni, mjiulize maulizo matano: Mavuno ni ngapi? Moto unatokea wapi? Takataka ni nini? Mkono ni wa kuume ao wa kushoto? Na nani ataweza kulipa? Anayejibu yote matano, huyo ndiye anayetengeneza dawa.

MAULIZO YA KUJIPIMA

1. Sintezi ina hatua 6, na kila hatua ina mavuno ya 85 kwa mia. Mavuno ya mwisho ni ngapi?

2. Ibuprofeni (dawa ya maumivu) zamani ilitengenezwa kwa hatua 6. Tangu 1992 iko njia ya hatua 3 tu. Ndani yake unaingiza C10H14 (uzito 134), anidridi ya asetiki C4H6O3 (102), H2 (2) na CO (28). Unapata ibuprofeni C13H18O2 (206). Sehemu gani ya uzito unaoingia inakuwa dawa? Kinachobaki ni kitu gani, na je, ni takataka ya kutupa?

3. Asidi ya artemisiniki ina uzito wa 234, artemisinini 282. Tuseme mavuno ni 55 kwa mia. Kilo moja ya asidi inatoa artemisinini ngapi?

4. Eleza kwa maneno yako: juu ya nini bomba jembamba ni bora kuliko tanki kubwa kwa reaksio ya mwangaza?

Majibu ya hesabu (msiangalie mbele ya kujaribu): 1. Karibu 38 kwa mia. 2. 206 kwa 266, karibu 77 kwa mia. Kinachobaki ni asidi ya asetiki, inayoweza kukusanywa na kutumiwa tena. 3. Karibu kilo 0,66.